Fundi wa Barazani Kwangu

Niseme mapema ili tusigombane: mie si fundi. Mie nauza vyombo. Sufuria, ndoo, chupa za chai, na mabeseni ambayo wanawake wa Manzese huyagonga kwa kidole kabla ya kununua kana kwamba wananunua tikiti maji. Jina langu Hamoud, mtaani wananiita Baba Huda, na huu ni mwaka wa thelathini na moja nipo kwenye duka hili hili, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro. Katika miaka yote hiyo kitu pekee cha umeme nilichowahi kukitengeneza ni balbu, na hata hapo mke wangu Jokha alikuwa ameshika kigoda huku akinipigia kelele niteremke.

Fundi ni Eliaichi.

Eliaichi ni mwanamke wa Machame, sasa ana miaka thelathini na minne. Alikuja kwangu miaka sita nyuma akaniomba kipande cha baraza, akaweka meza, kiti na kisanduku cha vyuma, na juu ya meza akatundika kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: ELIAICHI – FUNDI PRINTA. Ufundi aliupata Moshi kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio. Mjomba hakumfundisha chochote, alimtaka amshikie tochi tu. Akashika tochi miaka minne mpaka akawa anajua mjomba atakosea wapi kabla mjomba hajakosea.

Printa za majumbani ndizo kazi yake. Hizi ndogo, watu wanaziweka sebuleni juu ya kabati wakizifunika kitambaa cha kufuma, kisha siku moja haziwaki. Mafundi wengine watakwambia bwana imekufa, kanunue nyingine. Eli anaifungua, anachomoa bodi ya umeme, anaiinamia. Kwenye bodi ile kuna vitu kama vipipa vidogo, vimesimama. Ndizo kapasita. Ikiwa kichwa chake bapa, ni nzima. Ikiwa imetuna, au imevuja ute wa kahawia chini, hiyo imekwisha. Anaipima na mita kuhakikisha, anayeyusha risasi kwa kile chuma chake cha kulehemia, anaitoa, halafu anatazama ubavuni mwa ile mpya. Kuna mstari mweupe, ndio upande wa hasi.

"Ukiigeuza huu mstari, Baba Huda," aliniambia mara ya kwanza, "inakulipukia usoni."

Robo saa tu. Printa inaamka, inakohoa kidogo, inavuta karatasi. Mie nilikuwa naacha mteja wa ndoo amesimama na pesa mkononi ili nije kutazama. Nasema kweli, nilimhusudu yule mwanamke kwa mikono yake.

Sasa wateja. Mteja anakuja na printa kwapani, anampita Eli aliyekaa mezani na chuma kinafuka moshi mkononi, anapita chini ya kibao, anakuja mpaka kwangu nilikozungukwa na mabeseni. "Shikamoo mzee. Fundi kaenda wapi?" Mie namwonyesha kwa kidevu. Anageuka, anamtazama Eli, anakitazama na chuma, anatabasamu kwa adabu. "Aa, basi. Nitapita baadaye." Na baadaye ya watu wa mji huu mnaijua wenyewe.

Mwaka mzima hivyo. Wapo waliodhani anauza chipsi.

Siku moja akaja bwana mmoja wa Kawe, na gari lake, na printa ameifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Siku hiyo Eli alikuwa hajapata kazi tangu Jumatatu, na ilikuwa Ijumaa. Bwana akauliza fundi, nikamwonyesha, akatabasamu lile tabasamu, akaanza kugeuka. Hapo ulimi ukaniponyoka. "Iache hapo bwana," nikamwambia, "nitaitazama."

Wallahi sijui nani alinituma. Yule bwana akaiweka chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema alikuwa anatafutaga mtu mzima wa kumwamini siku nyingi. Alipoondoka Eli akacheka mpaka akakaa chini kwenye saruji. "Baba Huda, utaitazama kwa jicho gani?"

Basi ikaanza hivyo. Bwana wa Kawe akawaambia wenzake, wenzake wakawaambia wake zao, na kazi ikaingia. Lakini kuna jambo moja. Hapa kwetu, ukimtoa yule bwana wa Kawe, mtu hamwachii fundi mashine hivi hivi. Inafunguliwa mbele ya macho yake, naye anakuja na kichupa cha rangi ya kucha ili atie doa kwenye vifaa vyake vizima, fundi asije akavinyofoa na kumwekea vya mtu mwingine. Kwa hiyo ilibidi nami niwepo. Nikawa nakaa kwenye kiti cha Eli, miwani puani. Eli anafungua, ananipa bodi, ananigusa mguu kwa mguu wake chini ya meza nikifika kwenye kapasita mbovu. Nami nakunja uso. "Hii imetuna," nasema.

"Umeona!" mteja anamwambia aliyekuja naye. "Mzee kaitazama tu!"

Kisha namrudishia Eli bodi, nasema, "Malizia."

Neno hilo nimelitamka miaka mitano. Kazi yote ilikuwa ndani yake. Kupima, kuyeyusha, kutoa, kuweka, kusafisha, kufunga, kujaribu, vyote hivyo ndivyo malizia. Mie nilibaki kupokea shukrani na mara moja moja korosho. Nyumbani Jokha akawa hanipi nafasi. "Fundi," ananiita toka uani, "taa ya chooni haiwaki, au unasubiri akuguse mtu mguu?"

Eli mwanzoni aliona ni mchezo. "Bora kazi iingie," alikuwa akisema. Lakini miaka ilivyokwenda kicheko kikapungua. Watu wakawa wanamwita msaidizi. Wakawa wanamwambia, binti una bahati, mshike huyu mzee, usimwache akaondoka na ujuzi wake. Alikuwa anajibu "sawa" bila kuinua kichwa. Mie nilimsikia vile alivyokuwa anajibu, nami nikajitia hamnazo.

Mwaka huu, kabla ya likizo ya Juni, akaja Mwalimu Felicitas wa Kinondoni. Yeye na walimu wenzake wana kikundi chao, na miaka miwili nyuma walinunua printa kumi na nne kwa mpigo, aina moja, siku moja, kila mwanachama ya kwake, wachapishe mitihani ya tuisheni nyumbani. Zilinunuliwa pamoja, zikafa pamoja. Moja Jumanne, mbili wiki iliyofuata, mpaka hakuna hata moja inayowaka. Walimu wakaanza kutazamana, nani kamroga nani. Mwalimu Felicitas akaleta ya kwake. Eli akaifungua, akanigusa mguu, nikasema imetuna, akamalizia. Wakati anafunga skrubu akamwambia mwalimu kwa sauti ndogo, "Zote zitakuwa na ugonjwa huu mmoja. Kapasita zake zilitoka kiwandani dhaifu."

Mwalimu akanitazama mie. "Eti mzee?"

"Ndivyo," nikasema.

Ndipo akatuambia. Mwenyekiti wao, Mwalimu Fredrick, mstaafu, anataka fundi aende Jumamosi nyumbani kwake huyo Felicitas, afungue printa moja mbele ya wanachama wote. Wakiridhika, kikundi kitatoa barua rasmi yenye muhuri kwamba huyu ndiye fundi wao. Na walimu hao wametapakaa shule zote za upande ule.

Sikuwahi kumwona Eli akiinua kichwa vile. Mwalimu alipokwenda akazima chuma, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu katikati ya masufuria.

"Baba Huda, naomba kitu. Jumamosi usije."

"Nije kufanya nini tena?"

"Sitaki uanze, mie nimalizie. Nataka wanione mie nikiifungua, mwanzo mpaka mwisho. Barua moja tu yenye jina langu, Baba Huda. Nikiwa nayo nagonga mlango wa shule yoyote, sihitaji mtu wa kunikalia mbele." Machozi yalikuwa yamemlengalenga, na huyu si mtu wa kulia ovyo. Aliungua mkono mzima mwaka juzi akasema "ss" tu.

Nikaapa. Nilinyanyua mkono wa kulia nikaapa, na nikamwombea dua. Lakini nisiwafiche, iliniuma. Nilijifanya nacheka, kumbe ndani kuna kitu kinaniambia, kwa hiyo wewe huna kazi tena?

Jumamosi saa nne simu ikaita. "Shikamoo mzee wetu. Mwenyekiti Fredrick hapa. Binti yako ameshafika na vifaa, tunakusubiri wewe tu tuanze."

"Marahaba. Mwenyekiti, fundi ndiye huyo aliyefika."

"Mzee usitufanyie hivyo. Wanachama wameacha shughuli zao. Hatufungui kitu mpaka uje."

Ningeweza kuzima simu. Jokha aliniambia nizime. Mie nikajisemea hapana, nitakwenda kuwaambia ukweli uso kwa uso, nikate mzizi wa fitina. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilibadili kanzu. Mtu anayekwenda kusema yeye si fundi ana haja gani ya kanzu iliyopigwa pasi? Na miwani nikaichukua.

Sebuleni kwa Mwalimu Felicitas walikuwa wamepanga printa kumi na tatu juu ya mkeka. Walimu wamekaa kwenye makochi na viti vya kukodi, kila mmoja na kichupa cha rangi ya kucha, wanaume kwa wanawake. Eli alikuwa pembeni kwenye stuli, kisanduku mapajani, hakijafunguliwa. Aliponiona mlangoni alinitazama kuanzia ukosi wa kanzu mpaka pindo. Hakunisalimia.

Nikasimama katikati. "Walimu, mie si fundi. Mie nauza ndoo Manzese. Fundi ni Eliaichi huyo hapo."

Wakapiga makofi.

"Mmesikia?" Mwenyekiti alikuwa amesimama, kaguswa kweli kweli. "Mmesikia mtu mzima anavyojishusha? Vijana wa siku hizi wakijua kubadilisha wino tu wanajiita mainjinia!"

"Mwenyekiti, wallahi sijui hata kapasita inaingiaje."

"Mzee, si umenitengenezea mie?" akadakia Mwalimu Felicitas. "Nimeona kwa macho yangu. Umeishika tu ukajua."

Nikarudia. Kila nikikana wanazidi kunipenda. Mama mmoja akaniletea mto wa kuegemea. Yaani walinivisha kilemba cha ukoka huku nimekishika kwa mikono miwili nakivua, wanakirudisha. Hasira zikanipanda. Nikasema haya, hawa hawasikii kwa masikio, wataona kwa macho.

"Eli, fungua moja," nikasema.

Akafungua. Akachomoa bodi, akaona iliyotuna, akaitoa, akachukua mpya kwenye kopo lake. Nikanyoosha mkono. "Lete. Leo naweka mie."

"Baba Huda, acha," akasema chini chini.

Sikuacha. Nikautafuta ule mstari mweupe, nikaugeuza makusudi upande wa pili, nikaipachika. Chuma kikaniunguza kidole, nikalehemu hivyo hivyo, risasi imejaa matone kama mshumaa ulioyeyuka. Nikairudisha bodi mahali pake, nikawaambia wasogee nyuma, nikachomeka kwenye umeme.

Paa!

Moshi, harufu kali, kipande kikaruka kikagonga fremu ya picha ya harusi. Mwenyekiti alikuwa chini ya meza. Mie nilisimama pale na kidole kinaniwaka, nimefurahi sijawahi kufurahi hivyo. Nikasema haya sasa, wamejua.

Mwenyekiti akatoka chini ya meza, akajipangusa magoti, akanipita, akaenda mpaka kwa Eli.

"Wewe binti! Ndivyo vifaa unavyomnunulia mzee hivi? Feki?"

"Angemuua mzee wa watu!" akasema Mwalimu Felicitas, mkono kifuani.

"Ni mie!" nikapiga kelele. "Nimeigeuza makusudi! Yeye hana kosa, kifaa ni kizima!"

"Anamtetea," akasema yule mama wa mto, na machozi yakamtoka. "Jamani huyu ni baba."

Eli akasogea kwenye mashine. Aliichomoa ile printa, akasubiri, akatoa mabaki ya kapasita, akasafisha bodi kwa kitambaa na brashi, akapima huku na huku kwa mita. Alichukua nyingine kutoka kwenye kopo lile lile. Sebule nzima ilikuwa inamwangalia sasa, na mie nikasema moyoni, tazameni, tazameni basi hiyo mikono. Akaweka, akalehemu, akafunga, akachomeka. Taa ya kijani. Printa ikakohoa, ikanguruma, ikatulia.

Makofi tena. "Na kumfundisha kamfundisha!" Mwenyekiti akanishika bega. "Hata mzee akikosa, mwanafunzi anarekebisha. Ndio ualimu huo. Katibu, chapisha ile barua, na ianze kutoka kwenye mashine hii hii."

Katibu alikuwa ameshaiandika toka asubuhi kwenye kompyuta yake. Karatasi ikavutwa, ikatoka polepole, ikaangukia mkononi mwa Eli kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu. Akaisoma yote. Mie niliisomea begani kwake. Ilikuwa inamtambua Mzee Eliaichi, Fundi Mkuu, wa Manzese, pamoja na msaidizi wake. Walipita barazani siku moja, wakasoma kibao, wakaona mie nimekaa chini yake. Nani angewalaumu?

Akaikunjua kona iliyopinda, akanipa kwa mikono miwili. "Hongera, Baba Huda."

Kisha akafunga vitu vyake. Chuma kilikuwa bado cha moto, akakiviringisha kwenye tambara hivyo hivyo, akaaga kwa adabu, akatoka.

"Mwache, mzee," akasema Mwenyekiti. "Vijana hawapendi kukosolewa. Haya, tuanze na ipi?" Na walimu wakaanza kusogeza printa zao miguuni kwangu, kila mtu anataka yake iwe ya kwanza. Niliwaambia ukweli mara ya nne. Mwalimu Felicitas akacheka, akaniwekea ya jirani yake mapajani, akasema yeye anaamini mikono ya wazee.

Barua niliiacha mezani chini ya kikombe cha chai, nikatoka kama mtu anayekwenda msalani, sikurudi. Wakanisubiri wiki mbili, wakidhani naugua kwa mshtuko wa ule mlipuko. Mwisho kazi ile wakampa kijana mmoja wa Sinza anayevaa tai. Nasikia amewaambia zote zimekufa, wakanunue nyingine.

Eli alikuja Jumatatu iliyofuata Jumamosi ile, na mwenye mkokoteni. Amepata baraza Chamazi, kwa mama mmoja anayeshona sare za shule. Akateremsha kibao kwanza, akakifunga kwenye gazeti, akaanza kukusanya makopo yake ya skrubu. Mie nilikuwa nazunguka zunguka kati ya mabeseni, nayapanga yaliyokwisha kupangika.

"Eli mwanangu, nilikwenda kuwaambia ukweli," nikasema mwishowe. "Nimewaambia mara tatu mbele yako. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Sasa?"

Akaweka kopo kwenye kisanduku. "Miaka mitano ulikuwa na nafasi ya kusema, Baba Huda. Kila siku anakuja mtu. Umekuja kusema siku niliyokuomba ubaki nyumbani."

Maneno hayajawahi kuniishia dukani. Nimebishana na wanawake wa Manzese miaka thelathini na moja, sijashindwa. Siku ile nilisimama na beseni mkononi. Nikaona hata nikimwomba radhi bila kumwambia hili itakuwa uongo mwingine.

"Nilikuwa napenda, Eli," nikamwambia. "Kuitwa fundi. Nilikuwa napenda sana."

"Najua," akasema. "Na mie ningependa."

Akashika meza upande mmoja, mie nikashika wa pili, tukaipandisha kwenye mkokoteni.